UZI: Kuingia programu ya uuguzi ya haraka Marekani bila kuwa na digrii ya kwanza. Milango iliyo wazi, iliyofungwa, na ya kukwepa

ZamuYaUsiku (mleta mada)

Wakuu, heshima kwenu.

Kuna swali linazunguka kila siku kwenye makundi yetu huku Marekani, hasa kwa ndugu zetu wanaofanya kazi ya CNA (msaidizi wa wauguzi) kwenye nyumba za wazee: "Nimesikia kuna programu ya kusomea unesi mwaka mmoja tu. Mimi sina digrii. Naingiaje?" Mimi ni RN (muuguzi mwenye leseni kamili), niko wodini, nilipitia chuo cha jamii (community college), na nimewasaidia ndugu wengi kujaza fomu zao. Naandika kwa urefu kwa sababu naona watu wanaopiga zamu mbili kwa siku wakitoa akiba yao yote kwa shule ambayo hata hawajaiuliza maswali matatu ya msingi. Inaniuma.

Programu inayotangazwa kuwa ya miezi 11 hadi 18, ile inayoitwa ABSN, kwa sehemu kubwa imetengenezwa kwa mtu ambaye tayari ana shahada ya kwanza ya kitu kingine: uhasibu, ualimu, biashara, chochote. Shahada ya uuguzi ina krediti (vipimo vya masomo) kama 120 hivi. Karibu nusu yake ni masomo ya jumla na ya sayansi: Kiingereza, takwimu, saikolojia, kemia, anatomia. Mwenye digrii anahesabiwa kuwa kayamaliza mengi ya hayo, kwa hiyo anabakiwa na uuguzi wenyewe, na huo ndio unaobanwa ukatosha mwaka mmoja na kitu. Ule uzamili wa kuingilia uuguzi moja kwa moja nao unadai shahada ya kwanza, kwa hiyo usikupotezee muda.

Sasa wewe usiye na digrii bado una njia. Ila anza kwa kubadilisha swali. Usiulize programu ni ya miezi mingapi. Uliza: kuanzia leo hadi siku nitakayoshika leseni, ni muda gani? Hesabu hiyo inabadilisha kila kitu, maana tangazo la "miezi 16" huanza kuhesabu siku unapoingia darasa la uuguzi. Mwaka au miaka miwili uliyotumia kumaliza masomo ya awali hauandikwi popote kwenye tangazo.

Mlango wa kwanza ni BSN, yaani shahada ya kwanza ya uuguzi, inayosomwa mwaka mzima bila likizo ndefu. Vyuo vingi vya aina hii ni vya binafsi. Wanachukua mtu aliyemaliza sekondari, na ile miaka minne inabanwa kuwa takriban mitatu. Ni njia halali kabisa, tatizo lake ni ada. Baadhi ya vyuo pia vina mkondo wa haraka kwa mtu asiye na digrii lakini mwenye krediti za kuhamisha, mara nyingi kama 60. Hapo ndipo wengi wetu tungeweza kuingia bila kujua. Unasoma yale masomo ya jumla chuo cha jamii kwa bei nafuu, kisha unahamia kwenye sehemu ya uuguzi. Lakini kabla ya kusajili somo hata moja, pata kwa maandishi kutoka chuo unachokitaka kwamba somo hilo watalipokea. Narudia: kwa maandishi. Maneno ya simu ya afisa udahili hayakusaidii miaka miwili baadaye, na pengine yeye mwenyewe atakuwa keshahama.

Mlango wa pili ndio ninaoupenda, na nitautetea mbele ya yeyote: ADN, shahada ya miaka miwili ya chuo cha jamii. Anayemaliza ADN anafanya mtihani uleule wa leseni, NCLEX-RN, anaoufanya mwenye BSN. Maswali yaleyale, kati ya 85 na 150, muda wa saa tano, na leseni ileile ya RN. Ukiwa na leseni unaanza kazi, kisha unamalizia BSN kupitia programu ya RN kwenda BSN, ambazo nyingi ziko mtandaoni na mtu akikaza anaweza kumaliza ndani ya mwaka mmoja hivi. Waajiri wengi wanachangia ada hiyo, na sheria ya kodi inaruhusu mwajiri akupe hadi dola 5,250 kwa mwaka za masomo bila wewe kukatwa kodi ya serikali kuu.

Tena kuna majimbo ambako unasoma vyote viwili kwa wakati mmoja. Arizona State University ina mpango wa pamoja na vyuo vya jamii: unasoma ADN chuoni kwako huku masomo ya BSN yakiendelea sambamba. Oregon nao wana muungano wa vyuo wenye mtaala mmoja, uitwao OCNE. Florida baadhi ya vyuo vilivyoanza kama vyuo vya jamii sasa vinatoa BSN vyenyewe, Miami Dade College kikiwemo. Ukitafuta kitu cha haraka kwa mtu asiye na digrii, mipango ya namna hii ndiyo inayokaribia sana, na haina bei ya kukuvunja mgongo.

Mlango wa tatu ni LPN, leseni ya uuguzi iliyo chini ya RN, ambayo Texas na California wanaiita LVN. Ni kama mwaka mmoja wa masomo, mtihani wake ni NCLEX-PN, kisha unapanda kwenda RN kwa programu ya kuunganisha (bridge). Inamfaa mwenye familia inayomtegemea sasa hivi, kwa sababu mshahara unapanda mapema. Wastani wa kati wa mshahara wa RN kitaifa ulikuwa dola 93,600 kwa mwaka kwa takwimu za serikali za Mei 2024, na LPN uko chini ya hapo kwa tofauti kubwa. Lakini LPN bado yuko juu sana ya CNA, na anayelipa kodi ya nyumba hawezi kungoja miaka minne akila matumaini.

Masomo ya awali yanafanana karibu kila mahali: anatomia na fiziolojia sehemu ya kwanza na ya pili, mikrobiolojia, takwimu, saikolojia ya makuzi, uandishi wa Kiingereza, na vyuo vingine kemia na lishe. Halafu mtihani wa kuingilia, TEAS au HESI. TEAS ina maswali 170 kwa dakika 209: kusoma, hesabu, sayansi na Kiingereza. Wengi wetu huangukia sehemu ya kusoma na Kiingereza kwa sababu ya kasi, siyo kwa kutojua. Fanya mazoezi ukiwa na saa mbele yako.

Nitaongelea fedha na shule za kitapeli kwenye bandiko linalofuata. Ulizeni.

MamaWaWawili

Asante sana mkuu kwa kutuandikia kwa Kiswahili. Mimi nina swali ambalo pengine ni la kijinga. Nina shahada ya ualimu niliyoipata nyumbani Tanzania, ya miaka mitatu. Hapa kila fomu naandika kwamba nimemaliza sekondari tu, kwa sababu niliambiwa digrii ya Afrika huku haihesabiki. Nafanya CNA. Je, nianze ADN?

ZamuYaUsiku

Dada, swali lako si la kijinga hata kidogo, na ningeweza kukuta wenzako wengi kwenye zamu yako hiyohiyo. Aliyekwambia haihesabiki amekunyima haki yako.

Peleka matokeo yako kwenye taasisi ya kutathmini vyeti, kwa mfano WES au ECE. Omba tathmini ya somo kwa somo, siyo ile fupi ya kusema tu una digrii, kwa sababu chuo kitataka kuona kila somo na krediti zake. Chuo ulichosoma ndicho kitakachotuma matokeo moja kwa moja, kwa hiyo mtafute ndugu aliye karibu akufuatilie ofisi ya usajili.

Kuhusu miaka mitatu: wapo wanaoitambua kama shahada kamili ya kwanza, na wapo wanaoihesabu kama miaka mitatu ya chuo kikuu. Ikitambuliwa, wewe ni mtu wa ABSN, mlango uliodhani si wako. Isipotambuliwa, bado una krediti nyingi za masomo ya jumla za kuhamishia ADN au BSN. Uliza chuo unachokilenga wanataka tathmini ya taasisi gani kabla ya kulipia, maana hawapokei zote.

Utabakiwa na sayansi. Hizo jiandae kuzisoma hapa, kwa sababu vyuo vingi vinataka sayansi isiyozidi miaka mitano au saba.

Na kitu kimoja zaidi: kwenye fomu za serikali andika ukweli kwamba una digrii. Nitaeleza sababu hapa chini.

ZamuYaUsiku

Fedha sasa, na hapa ndipo asiye na digrii anakuwa na kitu ambacho mwenye digrii hana.

Serikali kuu inatoa ruzuku ya Pell, fedha usizorudisha, kwa mwenye kipato kidogo anayetafuta shahada yake ya *kwanza*. Kiwango cha juu kwa mwaka wa masomo 2025-26 kilikuwa dola 7,395. Mwenye shahada tayari, hata ya nje, kwa kawaida haipati, ndiyo maana wanafunzi wa ABSN wengi wanaishi kwa mikopo. Wewe usiye na digrii ukienda chuo cha jamii cha jimbo lako, ruzuku hiyo mara nyingi inatosha ada yote na kubakiza ya vitabu. Unaomba kwa FAFSA, fomu ya serikali ya kuomba msaada wa fedha za masomo, ambayo ni bure. Mtu akikudai hela ya kukujazia, mkimbie.

Wanaostahili ni raia, wenye kadi ya kijani (waliopata kwa bahati nasibu ya visa wamo), wakimbizi na waliopewa hifadhi. Ukiwa na miaka 24 au zaidi, au una ndoa, au una mtoto unayemlea, kipato cha wazazi hakiangaliwi. Pell ina ukomo wa jumla ya miaka sita maishani, kwa hiyo usiichezee kwa kusajili masomo na kuyaacha njiani.

Ada ya mkazi wa jimbo na ya mgeni ni vitu viwili tofauti kabisa. Majimbo mengi yanataka uwe umekaa mwaka mmoja. Ukihama jimbo kwa ajili ya kazi, hesabu hilo.

Kifimbo_Dallas

Mkuu naheshimu mchango wako lakini kwenye ADN nakupinga. Hospitali kubwa za mjini kwetu zinataka BSN. Nimeona matangazo kwa macho yangu. Kwa nini mtu asome miaka miwili, asubiri foleni miaka mingine, halafu arudi tena shule? Bora akope aingie BSN ya miaka mitatu amalize shughuli.

ZamuYaUsiku

Hoja yako ina uzito, kaka, na siwezi kuipuuza. Tangu ripoti ya Institute of Medicine ya 2010 iliyopendekeza asilimia 80 ya wauguzi wawe na BSN ifikapo 2020, hospitali nyingi zimesogea huko, hasa zenye hadhi ya Magnet, ile inayotolewa kwa ubora wa uuguzi. New York walipitisha sheria mwaka 2017: RN mpya anatakiwa apate BSN ndani ya miaka 10 tangu apewe leseni. Kwa hiyo sisemi ADN ndiyo mwisho wa safari. Nasema ni mahali pa kuanzia kulipwa.

Na matangazo mengi huandika "BSN inapendelewa" au "BSN ndani ya miaka kadhaa". Soma mpaka mwisho wa tangazo. Nje ya miji mikubwa, na kwenye nyumba za wazee, dialisisi na huduma za majumbani, ADN anaajiriwa bila maswali.

Kuhusu foleni uko sahihi kabisa, na hilo sikulitilia mkazo. Kuna vyuo vya jamii vinavyotumia bahati nasibu, vingine orodha ya kusubiri, vingine pointi za alama na TEAS. Mtu mwenye alama nzuri asiingie kwenye foleni ya bahati nasibu, atafute chuo cha pointi hata kama ni mwendo wa saa moja kwa gari. Omba vyuo vitatu au vinne kwa wakati mmoja. Na kama mji wako foleni ni ya miaka, basi hesabu yako ya BSN ya miaka mitatu inaweza kushinda. Ndiyo maana nasisitiza hesabu ya leo hadi leseni, kwa kila mtu kwa mji wake.

Kwenye mkopo tu ndipo nakuomba tahadhari. Mikopo ya serikali kwa shahada ya kwanza ina ukomo: dola 57,500 kwa jumla kwa anayejitegemea. Shule ya binafsi ikizidi hapo, tofauti inajazwa na mkopo wa benki, na riba ya benki haina huruma kama ukifeli muhula mmoja.

NesiWaPwani

Jamani naomba kuuliza kwa niaba ya mdogo wangu. Ni nesi wa stashahada Kenya, amesajiliwa, ana uzoefu wa wodi ya wazazi. Anakuja na kadi ya kijani. Aingie ADN au LPN?

ZamuYaUsiku

Asiingie popote kwanza! Mdogo wako ni muuguzi tayari. Apeleke vyeti vyake kutathminiwa na CGFNS, ambayo sasa inajiita TruMerit, au taasisi nyingine inayokubaliwa na Bodi ya Uuguzi ya jimbo anakokwenda. Bodi itaangalia kama alisoma nadharia na vitendo kwenye maeneo makuu: watu wazima, wazazi, watoto na afya ya akili. Akikamilika anaruhusiwa kufanya NCLEX-RN moja kwa moja. Akipungukiwa na eneo moja, anaweza kuelekezwa kusoma hilo tu. Majimbo yanatofautiana, na mengine yana masharti ya mtihani wa Kiingereza. Nyaraka aanze kuzikusanya akiwa bado nyumbani, maana kuifuatilia shule na baraza la wauguzi ukiwa ng'ambo ni kazi nzito.

Mtafutaji88

Kuna jamaa ametuma kwenye kundi letu la kanisa, anasema kuna shule Florida, unalipa, unasoma wikiendi mtandaoni, miezi sita unafanya NCLEX ya RN. CNA wawili wa kazini kwangu wametoa kianzio. Ni kweli?

ZamuYaUsiku

Ndugu yangu, waite hao wawili leo.

Januari 2023 serikali kuu ilitangaza kesi ya Operation Nightingale: shule tatu za Florida zilihusishwa na kuuza zaidi ya vyeti 7,600 vya uuguzi vya bandia, na watu 25 wakashtakiwa. Waliouziwa walitumia vyeti hivyo kufanya mtihani. Baada ya hapo bodi za majimbo zikaanza kufuta leseni, hata za watu waliokuwa wamefaulu NCLEX na wanafanya kazi. Kwa mhamiaji, jambo kama hilo haliishii kwenye kazi tu.

RN hawezi kufundishwa bila wodi. Mazoezi ya hospitalini ni mamia ya saa, mara nyingi zamu za saa 12, mkufunzi akiwa pembeni. Nadharia inaweza kuwa mtandaoni, wodi haiwezi.

Kuna mambo matatu ya kukagua, na yote ni bure. Ingia tovuti ya Bodi ya Uuguzi ya jimbo uone kama *programu* hiyo, siyo chuo tu, imeidhinishwa. Angalia ithibati ya ACEN au CCNE kwenye tovuti zao wenyewe, siyo kwenye kipeperushi cha shule, kwa sababu bila ithibati hiyo vyuo vingi vya RN kwenda BSN havitakupokea. Tatu, tafuta kiwango cha ufaulu wa NCLEX wa mara ya kwanza. Bodi nyingi zinakitangaza kwa kila shule. Shule ambayo ufaulu wake uko chini ya asilimia 80 miaka mfululizo, mimi nisingempeleka mtu wa damu yangu.

MamaWaWawili

Nimerudi. Nimeongea na chuo kimoja cha ABSN hapa kwetu. Wamesema miaka mitatu wanaipokea kama taasisi ya tathmini ikisema ni sawa na shahada ya Marekani. Kemia na biolojia yangu ya chuo wamekataa, ni ya zamani. Ila wamenikatisha tamaa waliposema nisifanye kazi kabisa wakati wa programu. Nina watoto wawili na mume yuko zamu za usiku. Wenzangu mliopita mliwezaje?

Kifimbo_Dallas

Dada, hapo wanakwambia ukweli. Mke wangu alisoma ABSN. Tulipanga akiba mwaka mzima kabla, tukahamia nyumba ndogo, na mama yangu akaja kutusaidia watoto. Alikuwa akiondoka kabla ya alfajiri siku za wodi na jioni anasoma hadi usiku. Hata zamu moja ya wikiendi ilimshinda muhula wa pili.

ZamuYaUsiku

Nakubaliana na kaka. Programu hizo zikikubana muhula mmoja ukafeli somo, wengi wanasubiri kundi linalofuata, na baadhi ya vyuo ukifeli mara mbili unaondolewa. Kwa hiyo usiingie ukiwa na kisu shingoni.

Kwa hali yako ningefanya hivi. Tuma matokeo kwenye tathmini mwezi huu, kwa sababu ndiyo inayochelewa. Wakati unasubiri, sajili anatomia na fiziolojia sehemu ya kwanza chuo cha jamii, darasa la jioni lenye maabara, somo hilo moja tu, ukiendelea na kazi. Mikrobiolojia ifuate baada ya sehemu ya pili. Pata alama ya juu, kwa sababu sayansi ndiyo wanayoitazama kwanza. Ukizimaliza utakuwa na njia mbili mkononi, kwa kuwa masomo hayohayo yanatakiwa na ABSN na ADN ya jioni na wikiendi, ambayo vyuo vingine wanayo kwa ajili ya watu wanaofanya kazi. Uamuzi wa kuacha kazi utaufanya siku hiyo, ukiwa na akiba na barua ya udahili mbele yako.

Muulize pia mwajiri wako wa sasa. Baadhi ya nyumba za wazee na hospitali zinawalipia CNA wao masomo kwa makubaliano ya kufanya nao kazi miaka kadhaa. Soma mkataba kabla ya kusaini, hasa kifungu cha kurudisha fedha ukiondoka mapema. Ukikwama kwenye lugha ya mkataba, uweke hapa kwenye uzi, futa majina, tutausoma pamoja.

MamaWaWawili

Nimeelewa. Usajili wa muhula ujao unafunguliwa Jumatatu, darasa la jioni lina nafasi 24 na nimeambiwa hujaa siku hiyohiyo. Nimeshamwomba meneja abadilishe zamu yangu ya Jumanne na Alhamisi.